Vidoa vya njano kwenye kope, vinundu vya mafuta kwenye viwiko: toa damu kwanza kabla ya kuchoma

Mpimadamu_Ksm

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu iko hapa Kisumu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wenye vidoa vya njano vilivyoota kwenye kope, hasa kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua, na wale wenye vinundu vya mafuta kwenye viwiko, magoti, makalio, vifundo vya vidole au nyuma ya kisigino.

Naona watu wengi wanavichukulia kama jambo la urembo. Mtu anaenda saluni, anapakwa dawa ya kuchoma, kope inavimba, kidonda kinapona, na baada ya miezi kidoa kimerudi pale pale. Anarudi kuchomwa tena. Katika mzunguko huo wote hakuna aliyemwambia akapime damu, na hilo linaniuma sana. Mafuta yaliyo kwenye kidoa kile yametoka kwenye damu. Kabla hujayachoma, ipime hiyo damu.

Nieleze kidogo yanavyofika kwenye ngozi. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hivyo mwili huyasafirisha kwenye damu yakiwa yamefungashwa pamoja na protini. Mzigo ukizidi, au mwili ukishindwa kuupokea, mafuta hupenya kuta za mishipa midogo yakaingia ndani ya ngozi. Huko kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kisichotakiwa. Zinameza mafuta, zinajaa, zinafura. Ukizitazama kwa hadubini utaona matone matone ndani yake kama povu la sabuni. Seli hizo zikikusanyika mahali pamoja ndipo unaona uvimbe. Hospitalini huitwa zanthoma, na ile ya kwenye kope huitwa zanthelasma.

Seli za aina hiyo hiyo, zenye povu, ndizo hupatikana ndani ya kuta za mishipa ya moyo iliyoanza kuziba. Ndiyo maana daktari makini akiona kope zako ataanza kukuuliza habari za kifua chako, na jinsi baba yako alivyofariki.

Na kuhusu rangi: picha nyingi zinazozunguka mitandaoni ni za watu weupe, kwa hivyo unjano unaonekana wazi. Kwenye ngozi yetu, hasa ikiwa nyeusi sana, unjano unaweza kufifia. Kinundu kinaweza kuwa cha kahawia, cha rangi ya chungwa, au rangi ile ile ya ngozi. Angalia mahali kilipo, kipapase, usisubiri mpaka kiwe cha njano.

Ulizeni. Ninachokijua nitajibu.

MamaTabby_Kondele

Asante kwa uzi huu. Nina hivyo vidoa kope zote mbili za juu. Vilianza vidogo sana, sasa vinakaribia kuungana. Haviumi wala haviwashi. Nilipima kolestroli kwenye kambi ya matibabu ya bure, nikaambiwa iko sawa. Kwa hivyo naweza kuvichoma tu?

Mpimadamu_Ksm

Mama Tabby, inawezekana kabisa iko sawa. Karibu nusu ya watu wenye vidoa vya kope wana kolestroli ya kawaida. Lakini usifunge faili bado.

Kambi nyingi hutumia kamashine kadogo, tone la damu la kidole, na namba inayotoka ni kolestroli jumla peke yake. Namba hiyo imechanganya ile mbaya, LDL, na ile inayosaidia kuondoa mafuta mwilini, HDL. Unaweza kuwa na jumla inayopendeza huku nzuri iko chini na mbaya iko juu. Omba kipimo cha mafuta kamili, chenye namba nne: jumla, LDL, HDL na trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya damu.

Halafu kuna utafiti mkubwa uliofanywa mjini Copenhagen. Zaidi ya watu 12,000 waliangaliwa macho kati ya 1976 na 1978, wakafuatiliwa hadi 2009, na matokeo yakachapishwa 2011. Asilimia 4.4 yao walikuwa na vidoa hivi mwanzoni. Hao ndio waliopata mshtuko wa moyo na kufa zaidi kuliko wenzao wa umri ule ule, hata baada ya watafiti kuzingatia kolestroli, presha, sigara na uzito. Maana yake, hata damu yako ikiwa safi kwenye karatasi, kidoa kinatosha kuwa sababu ya kupima presha na sukari na kuangalia hatari nzima ya moyo.

Utafiti huo huo uliangalia pia ile pete ya kijivu inayozunguka mboni ya jicho. Kwa wazee pete hiyo haikuonyesha hatari ya peke yake. Lakini ukiiona kwa mtu ambaye hajafika miaka 45, apime damu.

Mwambie daktari apime na tezi ya shingoni. Tezi ikilegea, kolestroli hupanda. Kama unachoka bila sababu, unahisi baridi wengine wakilalamikia joto la Kisumu, choo kigumu na nywele zinakatika, hicho kipimo usikiache. Tezi ikitibiwa, mafuta nayo mara nyingi hushuka.

Ukishajua hali ya ndani, kuviondoa ni uamuzi wako. Uso ni wako na hakuna ubaya kutaka upendeze.

MitishambaNyanza

Msiwatishe watu. Ponda kitunguu saumu, changanya na siki ya tufaha, paka usiku kwa wiki mbili. Vinaanguka vyenyewe. Nimesaidia wengi.

Mpimadamu_Ksm

Ndugu yangu, nakuomba kwa heshima uache kuwaambia watu hivyo. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Kitunguu saumu kibichi kikikaa juu yake usiku kucha kinachoma kabisa, malengelenge yanatokea, na siki ikiteleza ndani ya jicho inajeruhi kioo cha jicho. Kinachoanguka ni ngozi iliyoungua. Mafuta yako chini ya hapo, na damu inayoyaleta haijaguswa.

Kwa ngozi yetu kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaambiwi: kovu nene linalokua, au baka jeupe lisiloisha. Kope ikipona vibaya inaweza kuvutwa hadi jicho lishindwe kufunga vizuri. Anayepaswa kuviondoa ni daktari wa ngozi, daktari wa macho au wa upasuaji. Kuna kukata kwa kisu, kuna mwale wa leza, kuna kugandisha kwa baridi kali, na kuna asidi inayopakwa kwa kipimo na mtu aliyefunzwa. Hata kwa mikono mizuri vinaweza kurudi. Mtu akikuhakikishia havirudi kamwe, ondoka.

Mchele_Ahero

Mimi vyangu si vya kope. Ni vipele vidogo vidogo vingi, vimetoka ghafla mwezi huu. Viwiko, mapaja nyuma, makalio, mabega. Vyekundu kwa chini, juu kama vina usaha wa njano lakini ukibinya hakitoki kitu. Vinawasha. Mama mkwe anasema ni chira, kwamba kuna mwiko nimevunja nyumbani. Mwingine akasema ni maji ya mashamba ya mpunga. Nina miaka 38. Pombe natumia, sitaficha. Siku hizi nina kiu sana, naamka usiku kukojoa kila saa.

Mpimadamu_Ksm

Omera, weka simu chini uende hospitali leo. Si kesho.

Vipele vya namna hiyo, vinavyotoka vingi kwa mara moja kwenye makalio, viwiko na mabega, huja wakati trigliseraidi imepanda kupita kiasi. Na kiu pamoja na mkojo wa usiku inanionyesha sukari. Sukari isiyotibiwa huzuia mwili kuvunja mafuta kwenye damu, na pombe inaongeza mzigo juu yake. Trigliseraidi ya kawaida haipaswi kufika 1.7 (milimoli kwa lita, kama namba zote za mafuta na sukari humu). Ikivuka 10 kongosho linaweza kuwaka ghafla, na kongosho likiwaka linaua.

Ukianza kuumwa tumbo la juu, maumivu yakipenya hadi mgongoni, ukitapika, au ukipumua haraka na kusinzia, usipande boda peke yako. Upelekwe. Usinywe pombe hata tone, na soda usiguse.

Ukifika, waambie hivi: "Nina vipele, nina kiu, pimeni sukari na mafuta." Mwambie anayekutoa damu aangalie chupa baada ya damu kutulia. Kama sehemu ya juu ni nyeupe badala ya kuwa angavu, amwambie daktari papo hapo. Nawakumbusha wenzangu wa maabara mlioko humu: damu yenye mafuta mengi hivyo hudanganya mashine. Chumvi ya sodiamu inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo, na kipimo cha amilasi cha kongosho kinaweza kuonekana cha kawaida wakati kongosho linaungua. Andikeni kwenye majibu kwamba sampuli ilikuwa na mafuta. Msinyamaze.

Mchele_Ahero

Nimeelewa. Nasubiri matatu hapa stejini na dada yangu.

Baba_Naks

Pole ndugu wa Ahero, Mungu akutangulie. Mimi niko Nakuru, Free Area. Nauliza kuhusu ndugu yangu mdogo, miaka 34. Nyuma ya visigino vyote viwili ule mshipa mkubwa umenenepa, una manundu magumu. Viatu vya kazi vinamuumiza. Juu ya vifundo vya vidole vya mkono pia ana vinundu, ukikunja ngumi vinasogea na kano. Hanywi, havuti, ni mwembamba, hucheza mpira kila Jumapili. Kuna fundi wa masaji aliyemwambia ni damu imeganda, ataikanda. Baba yetu alifariki ghafla akiwa na miaka 43 akitoka shambani Njoro. Baba mdogo naye vivyo hivyo, hata hakufika 50. Nyumbani tuliambiwa ni kurogwa kwa sababu ya ardhi.

Mpimadamu_Ksm

Baba Naks, umenishtua, nakuambia ukweli. Nundu kwenye kano ya kisigino na kano za vidole, pamoja na vifo vya moyo vya mapema upande mmoja wa familia, ni picha ya kolestroli ya kurithi. Mpaka damu ipimwe siwezi kusema ndiyo, lakini hiyo ndiyo ya kwanza kutafutwa.

Ini lina vipokezi vinavyoikamata LDL kwenye damu na kuiingiza ndani ili ivunjwe. Mtu akirithi jeni mbovu kutoka kwa mzazi mmoja, vipokezi vinavyofanya kazi vinabaki karibu nusu. LDL inaelea kwenye damu tangu siku anazaliwa. Akifika 30 na kitu, mishipa yake imebeba mafuta miaka yote hiyo, hata kama ni mwembamba na anakimbia uwanjani. Si ulafi, si uvivu. Na si ugonjwa adimu hivyo: katika nchi nyingi zilizopimwa ni takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuurithi.

Ukoo wa namna hii ulielezwa na daktari wa Norway, Carl Müller, miaka ya 1930. Aliona familia zenye manundu ya kano na vifo vya moyo vikiandamana. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein ndio walioonyesha vile vipokezi, wakapewa Tuzo ya Nobel 1985. Na dawa za statini, zile za kushusha kolestroli tunazomeza leo, zilianzia kwa Mjapani Akira Endo, aliyekuwa akichunguza kuvu katika miaka ya 1970. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa ilikuwa 1987. Nawataja kwa sababu nataka mjue kwamba jambo hili lina dawa. Baba yako alipokuwa kijana huenda hakuna aliyejua kumwangalia visigino. Ndugu yako bado yuko nasi.

Fundi wa masaji asimguse. Kano yenye mafuta ndani ikikandwa kwa nguvu inaweza kuumia, hata kukatika. Gauti nayo inaweza kuweka manundu kwenye kano, kwa hivyo daktari atapima na asidi ya yuriki. Lakini LDL ndiyo ya kwanza. Kwa mtu mzima, LDL juu ya 4.9 bila sababu nyingine inaleta shaka ya kurithi. Ikiwa na nundu za kano juu yake, shaka hiyo inakuwa kubwa sana.

Akianza dawa, atoavastatini au rosuvastatini kwa kawaida, nundu za kano hupungua polepole mno, kwa miaka. Dawa asiziache kwa sababu haoni kisigino kikipungua. Tunachokilinda ni moyo.

Mzee_wa_Kibuye

Vijana, haya mambo ya kolestroli ni ya wazungu na matajiri. Sisi tumekula samaki wa mafuta na kuon, ugali wetu, miaka yote, na wazee wetu waliishi hadi 90.

Mpimadamu_Ksm

Mzee wangu, shikamoo. Samaki sina ugomvi naye, na mboga zetu nazo, osuga, dek na apoth, ziendelee kuwa mezani. Ninayemwogopa ni mafuta mgando ya kukaangia yanayorudiwa siku nzima kwenye sufuria ile ile, soda kila mlo na pombe. Wazee wetu wengi hawakula hivyo.

Kuhusu wazungu: mambo ya jeni yanatuhusu sisi pia. Mwaka 2006 watafiti wa Texas walichapisha habari za Wamarekani weusi waliorithi hitilafu kwenye jeni iitwayo PCSK9. Walikuwa asilimia 2.6 ya weusi waliochunguzwa. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Kutokana na kazi hiyo zikatengenezwa sindano mpya za kushusha kolestroli. Basi, kama damu ya Mwafrika imeifundisha dunia namna LDL ya chini inavyolinda moyo, haiwezekani tukasema LDL ya juu haituhusu.

Mzee_wa_Kibuye

Marahaba. Hapo nimekusikia. Nitapima.

Wekesa_Bgm

Mulembe wadau. Huku Bungoma mama yangu, miaka 56, amekuwa wa njano. Macho ni ya njano kabisa, anajikuna usiku hadi damu. Sasa ameota vibaka vya njano kwenye kope na kwenye mistari ya viganja. Hii ni ile ile ya Mama Tabby?

Sista_Kakamega

Mpimadamu niruhusu nijibu hili, mimi ni muuguzi wa wodi. Wekesa, hapa kuna mambo mawili tusiyachanganye. Zanthelasma haigeuzi weupe wa jicho kuwa njano. Weupe wa jicho ukigeuka, hiyo ni manjano, na inatokana na ini, na njia ya nyongo au na damu.

Lakini mama yako ana yote mawili, na yanaweza kuwa na chanzo kimoja. Mwili huondoa kolestroli kupitia nyongo. Njia ya nyongo ikiziba, au vijia vidogo ndani ya ini vikiharibika polepole, nyongo inarudi kwenye damu, ngozi inawasha vibaya, na kolestroli inalundikana mpaka inajitokeza kwenye ngozi. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia vijia hivyo, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa mama yako. Muulize: mkojo umekuwa mweusi? Choo kimepauka? Amepungua uzito? Anahitaji vipimo vya ini na picha ya tumbo wiki hii. Mkipewa rufaa ya Eldoret au Kisumu, msiikalie. Na acheni miti shamba ya "kusafisha ini" wakati huu. Baadhi yake humalizia ini lililobaki.

Niongeze na la figo, maana naliona kwa watoto pia. Mkojo wenye povu jingi lisiloisha, uso umevimba asubuhi, miguu imejaa: figo zinavuja protini, na ini likijaribu kufidia hutengeneza mafuta mengi. Kolestroli hupanda sana. Kipande cha karatasi ya kupimia mkojo kinatosha kuanza.

Mistari ya viganja iliyogeuka njano kwa mtu ambaye macho yake ni meupe safi ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi ni hitilafu ya kurithi ya namna ini linavyopokea mabaki ya mafuta, na inatibika vizuri. Usipite dukani kutafuta losheni.

Na kwa wote: si kila uvimbe ni huu. Uvimbe laini chini ya ngozi unaoteleza ukiusukuma, kwenye mkono au mgongo, mara nyingi ni lipoma, fungu la mafuta la kawaida lisilohusiana na kolestroli. Vipele vigumu vyenye kishimo katikati ni vya virusi, vinaambukiza, na vikiwa vingi usoni kwa mtu mzima tunapima kinga ya mwili. Vinundu masikioni na usoni pamoja na mabaka yasiyohisi, fikirieni ukoma. Alupe kule Busia ilijulikana kwa kutibu ukoma, na ugonjwa huo bado upo. Mzee mwenye mabaka mapana ya njano kuzunguka macho, shingoni na kifuani, na mafuta yake ni ya kawaida, apimwe protini za damu, kwa sababu mara chache huwa ni dalili ya ugonjwa wa uboho, hata saratani yake.

Wekesa_Bgm

Sista ubarikiwe. Mkojo ni mweusi kweli. Kesho alfajiri tunaondoka.

Nyar_Ahero

Ni dada ya Mchele_Ahero. Amenipa simu yake. Glukomita, ile mashine ya kupima sukari, iliandika HI badala ya namba. Amelazwa, yuko kwenye dripu na insulini, hajaruhusiwa kula. Trigliseraidi imerudi 41. Mtu wa maabara alituonyesha chupa, juu ilikuwa nyeupe tupu. Tumbo lilianza kumuuma jana usiku lakini daktari amesema tumemfikisha mapema. Anaongea vizuri. Vile vipele vitaondoka?

Mpimadamu_Ksm

Nyar Ahero, asante sana kwa kumpeleka. HI kwenye mashine nyingi maana yake sukari imepita 33. Nashukuru Mungu hamkungoja.

Vipele vitaondoka, bila kupaka chochote. Trigliseraidi ikishuka, hukauka na kufifia kwa wiki kadhaa hadi miezi, mara nyingine vikiacha madoa ya rangi tu. Vikianza kutoka tena siku moja, jua kwamba sukari au pombe imerudi, mpimeni siku hiyo hiyo. Akitoka, chakula kiwe na mafuta kidogo sana mpaka daktari aseme. Samaki achemshwe, asikaangwe. Ugali upunguzwe, mboga iongezwe, sukari kwenye chai iondoke. Pombe imekwisha, na hapo nakuomba mkae naye kama familia, kwa sababu kuacha peke yake ni kazi nzito.

Na mama mkwe mumweleze kwa upole. Hakusema kwa nia mbaya.

Kuna mtu ameniandikia faraghani, naweka jibu hapa bila jina kwa kuwa linawahusu wengi. Anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, za safu ya pili (zile zinazotolewa za kwanza zikishindwa), na mafuta yamepanda. Ndiyo, lopinavia iliyochanganywa na ritonavia inaweza kupandisha trigliseraidi. Usiache dawa hata siku moja. Nenda kliniki unakochukulia dawa uwaonyeshe majibu, waangalie kama kuna haja ya kubadilisha. Na mtu asikuuzie simvastatini dukani: haitakiwi kabisa pamoja na ritonavia, misuli inaweza kuharibika na figo zikafuata. Kila anayekuandikia dawa ya kolestroli lazima ajue unatumia nini. Kina dada wajawazito au wanaotafuta mimba, statini nazo msianze wala kuendelea bila kumuuliza daktari.

MamaTabby_Kondele

Nimepata majibu. Jumla 5.0 lakini HDL 0.8 na LDL 3.4. Presha 158 juu ya 96, na sikujua kabisa kama nina presha. Tezi iko sawa. Kope nimeziacha kwanza.

Mpimadamu_Ksm

Umefanya vizuri sana, dada. Presha ipimwe tena siku nyingine mbili ukiwa umetulia, halafu uanze kliniki. Hiyo ya presha ndiyo ya haraka kwako.

Baba_Naks

Tumepima ndugu yangu. LDL 8.1. Daktari amemwanzishia atoavastatini na kumpa tarehe ya kupima moyo. Ana watoto wawili, mmoja miaka 11, mwingine 6. Wanacheza, wako sawa. Wapimwe au tungoje wakue? Na ni lazima wafunge kula?

Mpimadamu_Ksm

Wapimwe sasa, wote wawili. Kula si kikwazo kwa kipimo cha kwanza cha kolestroli. Ikionekana trigliseraidi iko juu, hasa ikipita 4.5, ndipo tunarudia asubuhi kabla ya chai. Mtoto mwenye LDL ya kurithi kwa kawaida huanza kufikiriwa statini akiwa na miaka 8 hadi 10, daktari akimfuatilia. Wa miaka 6 akiwa nayo, ataanza na chakula na michezo na kupimwa kila mara. Waangalieni ngozi: mtoto mdogo mwenye vibaka vya njano katikati ya vidole, magotini au makalioni huenda amerithi kutoka pande zote mbili, na huyo hangoji umri wowote. Kwa hivyo mama yao naye apime.

Na wewe Baba Naks? Umeuliza ya ndugu na ya watoto wake. Baba yenu alikuwa mmoja.

Baba_Naks

Mimi nina 39. Sina nundu.

Mpimadamu_Ksm

Wengi wenye kolestroli hii hawana nundu yoyote. Nenda nao siku hiyo hiyo, na dada zenu kama mnao, na watoto wa baba mdogo.

Baba_Naks

Tuko saba kwa jumla. Nimeongea nao leo jioni, Jumatatu tunaenda pamoja.

Mpimadamu_Ksm

Vizuri. Kila mmoja aombe karatasi yake yenye namba zote nne. Mkipenda, leteni namba hapa tuzisome pamoja, majina myafiche.